Kilichobanwa Ukurasa wa Nne

Kofi la kwanza nililisikia nikiwa natoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu. Mdogo wangu wa kike alisimama upande wa pili wa kaunta, mtandio ameushusha mpaka puani, akaiweka simu yake juu ya mashine bila hata kunisalimia.

"Dada, sikiliza."

Nikabonyeza. Pwaa! Kikafuata kishindo cha mtu aliyebamizwa kwenye mlango wa bati, halafu sauti ya mdogo wangu akiita, "Mama! Mama wee!" Mwenye cheti akarudi nyuma hatua mbili. Nikampa cheti chake, nikamwambia duka limefungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mimi nina hasira, sifichi. Steshenari yangu iko pale Same, karibu na stendi, na watu wanaijua kwa mambo mawili. La kwanza, nikikuandikia barua ya malalamiko, anayeipokea atatoka jasho. La pili, ukiniudhi narusha kilicho karibu. Niliwahi kumrushia stepla mwanamume mzima aliyetaka nimpunguzie weusi kwenye pasipoti saizi. Watu hututania Wapare kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Waache waseme. Kesi hizo hizo za kuku ndizo zilizonijengea duka.

Nilipomvua mdogo wangu mtandio, jicho la kushoto sikuliona. Palikuwa na uvimbe tu, unang'aa kama bilinganya. Alikuwa ameteremka na lori la tangawizi upande wa Kihurio, akadandia basi, na mtoto mchanga mgongoni, wale wakubwa wawili amewaacha kwa jirani. Mkono wa kulia haukuinuka. Nikamuuliza amepigwa na nini safari hii. Akasema, "Ni ule ule mpini wa jembe, dada."

Ule ule! Nilitaka kupanda mlima siku hiyo hiyo nikiwa na panga. Alinishika gauni. Akasema hataki damu, anataka kuondoka kwenye ile nyumba kihalali, na watoto wake watatu, asifuatwe tena. Alilolitaka lilikuwa hilo tu, na njia yake ilikuwa moja: kupata barua kutoka baraza la usuluhishi la ndoa la usharika wao huko mlimani, barua inayosema usuluhishi umeshindikana. Bila barua hiyo mahakama haikusikilizi habari za talaka. Alishakwenda mara mbili. Mara zote mbili walimwombea, wakamrudisha kwa mume. Mara ya pili hata jua halijazama alipigwa kwa kosa la kwenda.

Mara hiyo ya pili aliwachezea sauti kwenye simu. Maskini! Katikati simu ikaita, kisha akabonyeza vibaya ikaanza kuimba kwaya. Mwenyekiti wa baraza alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu. Akamwambia, "Binti yangu, simu si hati. Hati ina kurasa, ina namba, ina sahihi. Lete hati."

Basi nikasema, hati mtaipata, na kelele zake ndani.

Nilijua inawezekana. Miezi michache kabla nilikuwa nimemtengenezea mwalimu mmoja kitabu cha masomo cha PDF chenye sauti na video ndani ya kurasa zake. Unafungua ukurasa, unabonyeza picha, inacheza papo hapo. Sasa nilikuwa na sauti tatu na video moja. Sauti zilikuwa za aina ambayo programu ilizikataa, nikazigeuza moja moja ziwe MP3, na video nikaigeuza iwe MP4. Wengi hukosea hapa: wanaiunganisha tu video na hati, hati inabaki kushika njia ya kwenda kwenye kompyuta yako, na ukiifungulia kwingine unakuta utupu. Sikutaka kiungo mimi. Nilitaka kipigo chenyewe kiwe ndani ya karatasi, kiende popote karatasi inapokwenda.

Ila kuna jambo sikuambiwa na mtu. Ukitaka kukata sauti pale inapoanzia, lazima uisikilize tena na tena. Unarudi nyuma kidogo, unasikiliza, unasogeza, unarudi tena. Mpaka mchana nilikuwa nayajua mapigo yote kwa mpangilio wake. Kwenye sauti ya pili anaanza na mkanda, na mara ya tatu chuma cha mkanda kinagonga fremu ya dirisha, unasikia kioo. Kwenye sauti ya tatu hakuna maneno, ni pumzi za mwanamume anayefanya kazi nzito. Nilikuwa nimefungulia spika. Mdogo wangu alikuwa amelala nyuma ya pazia, chumba cha kupigia picha, na mtoto wake kifuani.

"Dada," aliniita. "Basi. Imetosha."

Nikachungulia. Alikuwa amejikunja, magoti kidevuni, ameziba masikio ya mtoto kwa viganja, na yeye masikio yake yako wazi. Kila niliporudia, alipigwa upya. Mungu wangu! Nilikuwa nimempiga mara ishirini tangu asubuhi, humo humo dukani mwangu. Nikatoka mbio kwenda kununua spika za masikioni, na njiani nililia kwa sauti mbele ya wauza mitumba, sikujali.

Chini ya kila sauti niliandika siku, mahali, na kinachosikika, kwa sababu simu nyingi hazichezi sauti iliyo ndani ya PDF, na asiyesikia angalau asome. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sauti ya kwanza, wa pili ya pili, wa tatu ya tatu. Ukurasa wa nne niliuacha kwa ajili ya video. Ukurasa wa tano ulikuwa fomu ya polisi, PF3, iliyojazwa hospitali jioni ile: mfupa wa bega una ufa.

Video sikuwa nimeitazama. Mdogo wangu mwenyewe hakuwahi kuitazama. Alikuwa ameiegesha simu kwenye kabati la vyombo, nyuma ya chupa ya chai, aliposikia mume wake anakuja huku anafoka.

Nikabonyeza. Kitu cha kwanza kilichoonekana ni mama yetu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakoroga uji. Alikuwa amepanda kumtunza mzazi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa na siku kumi tu tangu ajifungue. Shemeji akaingia na mpini. Akauliza nani amegawa zamu yake ya maji ya ndiva, yaani lile bwawa ambalo huko kwetu tunamwagilia mashamba kwa zamu. Mdogo wangu akasema amempa jirani, maana hawezi kwenda shamba na kidonda cha uzazi. Hapo mama akanyanyuka. Nikajisemea, haya mama, mkamate! Mama akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mdogo wangu, akaenda pembeni, akageukia ukuta.

Kisha mapigo. Kumi na moja. La nne lilimpata begani, nikasikia mfupa. La saba alikuwa ameshaanguka, na uji umemwagika, anateleza kwenye uji akijaribu kusimama. La mwisho lilikuwa la mgongoni, la polepole, la mtu anayemalizia kazi yake. Akautupa mpini, akatoka. Na mama, bado anatazama ukuta, akasema kwa Kipare, kwa sauti ile ile aliyotubembelezea tukiwa wadogo: "Nyamaza mwanangu. Vumilia. Wa baba yako ulikuwa mnene kuliko huo."

Nilivua zile spika nikazitupa. Nilimchukia mama yangu, naliandika hili kama lilivyokuwa. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia shemeji.

Baba yetu alimpiga mama miaka yote ya utoto wangu. Sisi tulikuwa tunajificha nyuma ya debe la mahindi, mimi nimemziba mdogo wangu mdomo. Kidole cha shahada cha mama, mkono wa kulia, kimepinda kuelekea nje. Wageni wakiuliza anasema alikiponda kwenye kinu. Baba alipokufa mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu. Niliandika, "alikuwa baba mwenye upendo na msimamo," nikatoa nakala mia nikazigawa msibani. Kwa hiyo kukata ukweli nilikuwa nimeanza zamani.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba mama yumo. Akasema, "Asijue. Watamcheka kanisani, dada. Mtoe."

Nikamtoa. Nilikata mwanzo nikaacha pale mapigo yanapoanza, nikakata mwisho kabla hajasema neno. Programu ikaniuliza picha ya mbele iwe ipi, yaani kile mtu atakachokiona kabla hajabonyeza. Nikachagua mpini ukiwa juu. Nilijiambia namwonea mama huruma. Uongo mtupu. Nilikuwa namwonea haya.

Lakini sisi hatutupi karatasi. Mama ana sandukuni risiti ya jembe alilonunua kabla sijazaliwa. Mkono wangu ulikataa kuifuta ile video nzima bila kuiweka mahali. Nikaiambatisha pembeni ya ukurasa wa nne, kwa ile alama ndogo ya kibanio cha karatasi, nikasema nitaitoa kesho nikishahakikisha kipande kinacheza vizuri. Kisha nikaifuta kwenye kompyuta.

Kesho yake akaja shemeji.

Aliingia saa saba mchana, duka limejaa. Hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji, habari za kazi. Nimemfuata mke wangu."

"Mke wako simjui," nikamwambia. "Hapa yupo mdogo wangu tu."

"Usinitanie."

"Thubutu kuvuka hii kaunta uone."

Akavuka. Aliweka mkono mmoja akaruka, chupa ya wino ikapasuka, akararua pazia, akamtoa mdogo wangu kwa nywele. Mtoto alianguka kwenye godoro, ni Mungu tu. Mdogo wangu alikuwa ameshika simu. Shemeji akamkanyaga kiganja mpaka akaiachia, akachukua ile toboza kubwa ya chuma ninayotobolea majalada, akaiponda simu sakafuni mara tatu, nne, mpaka vioo vikaruka hadi kwenye rafu za madaftari. "Hizo sauti zenu," alisema, "ndiyo hizo hapo."

Nilikuwa na rula ya chuma ya kukatia karatasi, ndefu kama mkono. Nilimchapa nayo sikioni kwa ubapa, kisha kwa makali. Damu ikarukia rimu nzima ya karatasi nyeupe. Aligeuka akanishika kisogo, akanibamiza uso kwenye mashine ya fotokopi, shavu juu ya kioo, na kwa uzito wake akanikandamiza. Nilisikia jino linaachia. Sijui kifua chake au kiwiko changu kiligusa kitufe, lakini mwanga ulipita chini ya jicho langu, polepole, na karatasi ikatoka upande wa pili. Waendesha bodaboda wa stendi waliingia wanne wakamng'oa juu yangu, wakamburuta nje wakampa za kwake mpaka polisi walipokuja. Alilala mahabusu siku mbili, ndugu zake wakamtoa.

Ile karatasi iliyotoka ilikuwa uso wangu. Shavu limebonyea, mdomo wazi, na pembeni vidole vinne vya mwanamume. Nikaiskani, nikaifanya ukurasa wa sita. Duka nililisafisha wiki nzima kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia shavu, na kile kibanio cha ukurasa wa nne sikukikumbuka tena.

Baraza lilikaa siku kumi baadaye, asubuhi, kwenye ukumbi wa usharika. Ukungu ulikuwa mzito hata madirisha yalikuwa meupe. Wazee watano mbele, sisi upande mmoja, shemeji upande wa pili, sikio lina bandeji. Mama alikuwa amekuja pia, amekaa nyuma yetu na kitenge kimefunika mikono yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba," lakini sikumtazama usoni.

Niliweka laptopu na spika mezani. Na kwa kuwa nawajua watu wangu, nilikuwa nimechapisha nakala tano za karatasi pia, maana hakuna mzee wa kwetu atakayekubali kesi asiyoweza kuishika mkononi. Mzee mmoja alifika kwenye picha ya sauti ya kwanza, ile yenye alama ya pembetatu ya kuchezea, akaibonyeza karatasi kwa kidole gumba, akangoja. Nikamwambia, "Mzee wangu, ya kubonyeza ni hii ya mezani." Mtu mmoja akacheka, ikawa mara ya mwisho mtu kucheka siku hiyo.

Nilicheza sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ukumbi ule wenye sakafu ya saruji, mkanda ulisikika kama uko humo humo ndani. Mzee mmoja alitoka nje akarudi. Mdogo wangu alishika bega lake na kuangalia chini. Nikacheza ukurasa wa nne, kipande changu nilichokikata: mpini juu, mpini chini, kumi na moja.

Shemeji akasimama. Alikuwa ametulia kabisa.

"Wazee wangu, shikamooni. Siku hizi kompyuta inatengeneza kila kitu. Huyu shemeji yangu kazi yake ni kutengeneza picha za watu. Video gani hii inaanza katikati na kuishia katikati? Kabla yake kulikuwa na nini? Mimi nilimgusa mke wangu, sikatai, aliniudhi, kama mnavyojua mambo ya nyumba. Lakini kumpiga hivyo? Kama kuna shahidi aliyekuwepo nyumbani kwangu akaona kwa macho yake, na asimame." Na akamtazama mama moja kwa moja. Alijua! Alijua kwamba mama alikuwepo, na alijua hatasimama. Alikuwa amejificha nyuma ya aibu yetu, na sisi tulikuwa tumemjengea ukuta.

Mama hakusimama.

Wazee wakaanza kunong'ona. Nilisikia "warudi wakajaribu tena." Nilisikia "kwa ajili ya watoto." Mdogo wangu aliniinamia sikioni. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada, ataniua safari hii." Hakuwa anatia chumvi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeonja mikono ile.

Ndipo mwenyekiti akabadilisha miwani. Alikuwa ameiinua nakala yake karibu na pua.

"Hapa ukurasa wa nne, pembeni. Hiki kibanio kimebana nini?"

Kile kialama kilikuwa kimechapwa pamoja na karatasi, kijivu, kidogo, kwenye nakala zote tano.

"Si kitu, mzee. Ni alama tu ya programu."

"Binti, nimekaa na majalada ya mahakama miaka thelathini na moja. Kibanio hakijawahi kuwa alama tu. Kikiwepo, kuna kilichobanwa, na hati haisomwi nusu. Fungua."

"Mzee, naomba..."

"Fungua!"

Mdogo wangu akanishika mkono. Nikabonyeza mara mbili. Ikafunguka video nzima, na ukumbi wote ukamwona mama yangu kwenye kigoda anakoroga uji. Wakamwona ananyanyuka, anamchukua mtoto, anageukia ukuta. Wakayasikia tena yale kumi na moja. Kisha wakamsikia, kwa Kipare, na kila mtu mle ndani alikuwa Mpare. "Vumilia. Wa baba yako ulikuwa mnene kuliko huo."

Shemeji akacheka. Alicheka kweli, akapiga makofi mawili. "Mmemsikia mama yake mzazi? Amemwambia avumilie. Mnanihukumu nini mimi? Mama mwenyewe ameona ni jambo la kawaida."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe nilikuwa nimekibeba kwenye laptopu yangu mpaka mlimani. Sikuthubutu kugeuka nyuma.

Nikasikia benchi linalia. Mama alikuwa amesimama.

"Ni kweli nilikuwepo," alisema. "Nilichukua mtoto, nikageukia ukuta. Yale mapigo kumi na moja niliyahesabu kwa mgongo wangu. Na nilisema avumilie. Lakini neno hilo si langu, wazee. Nilipewa hapa."

"Hapa wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Kwenye ukumbi huu. Nilikuwa nina mimba ya huyu mkubwa. Nilikuja kwenye baraza hili na kidole kinaning'inia kwenye ngozi, mume wangu amekiponda kwa mpini, si kwa kinu. Wazee wa wakati ule wakanifunga kidole kwa kitambaa, wakaniombea, wakaniambia vumilia mama. Nikarudi. Nikavumilia miaka ishirini na sita. Sikuwa na neno lingine la kumpa mtoto wangu, kwa sababu hamkunipa lingine."

Akatoa mkono kwenye kitenge, akauinua. Kile kidole kikaonekana kwa kila mtu.

Shemeji akaipiga teke meza. Laptopu ikaruka, spika zikaanguka zikikoroma, na kabla mtu hajamshika alikuwa ameshanyanyua kiti cha mbao akamrushia mama yangu. Kilimpata begani na shavuni. Mama aliyumba, akashika benchi. Nilimrukia yule mwanamume mgongoni nikamng'ata sikio lile lile lenye bandeji, na nilisikia ladha ya dawa ya kidonda. Mdogo wangu, na bega lake bovu, alimpiga na spika usoni. Wazee wakaingia. Mwenyekiti, na wembamba wake wote, alimcharaza bakora za shingoni mpaka bakora ikavunjika. Shemeji akapiga magoti kwenye saruji, watu watatu wamemkalia, damu na makamasi vinamtoka. Na muda wote huo mama alikuwa anaongea. Hakunyamaza hata mara moja. Alikuwa anataja siku alizopigwa yeye, kisha siku alizopigwa mwanawe, na vitu walivyopigwa navyo, huku damu inashuka kwenye kitenge.

"Liandikwe," alisema mwenyekiti akihema, kipande cha bakora mkononi. "Liandikwe neno kwa neno, la mwaka huu na la mwaka ule."

Barua iliandikwa hapo hapo, ikagongwa muhuri. Usuluhishi umeshindikana. Mdogo wangu aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya sidiria, akaenda kukaa kwenye ngazi za ukumbi na mtoto wake. Shemeji alipelekwa polisi akiwa amefungwa kamba ya mbuzi.

Tulibaki mimi na mama ndani. Nilikuwa naokota spika. Shavu lake lilikuwa limepasuka na alikuwa ameligandamiza na upindo wa kitenge. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Mle kwenye karatasi ulinitoa?"

"Nilikutoa, mama."

"Kwa nini?"

Nilifikiri nitasema nilimwonea huruma. "Nilikuonea haya," nikasema. "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alikaa kwenye benchi, akapangusa vumbi mahali pa mimi kukaa. "Hiyo ya kwenda mahakamani ndiyo hiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi nirudishe."

Laptopu ilikuwa imepasuka pembe moja ya kioo lakini ikawaka. Nilikitoa kipande changu kwenye ukurasa wa nne, nikaweka video nzima mahali pake, tangu kigoda mpaka neno la mwisho. Nikakiondoa kibanio, maana hakikuwa na kitu tena cha kubana. Programu ikauliza lile swali lake la picha ya mbele. Nikausogeza mshale kwenda kwenye mpini.

"Hapana," alisema mama. "Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi. Akanyoosha kile kidole kilichopinda, akagusa kioo. Kwenye picha hiyo alikuwa ameshamchukua mtoto, amesimama katikati ya chumba, anawatazama shemeji na mdogo wangu, bado hajageukia ukuta. Mbele yake mdogo wangu ameinua mikono miwili mitupu.

"Weka hapo," alisema. "Waone kwamba nilikuwa nawatazama."

Nikaweka hapo, nikahifadhi.